Safari ya Watu wa Ziwani Kwenda Makao Makuu ya Nchi

Mazungumzo yetu ya leo yahusu makao makuu ya nchi yetu na majumba ya Serikali yaliyomo, kama yalivyoonekana kwa watu wa ziwani ambao hawakupata kufika huko kabla. Tulikuwa watu 12: wazee wanne, akina mama watatu, mwalimu mmoja na wanafunzi wanne, sote wa kisiwa kimoja kidogo katika Ziwa Viktoria. Tulikwenda mwezi wa Mei, mwaka 2025, wakati Bunge lilipokuwa likijadili matumizi ya Serikali. Tulichukua barua ya kijiji chetu, iliyohusu kivuko, na barua hiyo ndiyo iliyotufanya tulitazame kila jengo kwa makini na kuulizana: Je, katika nyumba hizi, neno la mtu wa kisiwani hupita mlango gani, na likiisha kuingia huketi wapi?

Kabla ya kueleza safari yenyewe, yafaa tukumbuke habari za zamani kidogo. Boma la Mwanza lilianzishwa na Wadachi mwaka 1892. Mwaka uliotangulia walikuwa wameyahamisha makao yao makuu kutoka Bagamoyo kwenda Dar es Salaam, mji ulioanza kujengwa na Seyyid Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860. Basi mtu wa Mwanza wa siku zile akitaka kuyaona makao makuu, alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kwenda kwa miguu kupitia Tabora pamoja na wapagazi, safari ya majuma mengi. Ya pili, baada ya reli ya Uganda kufika Kisumu mwaka 1901, ilikuwa kuvuka ziwa lote, kupanda gari la moshi mpaka Mombasa, kisha kusafiri kwa meli katika bahari. Ilimpasa mtu apite nchi ya wengine ili afike mji mkuu wa nchi yake. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, walakini Mwanza ilingoja mpaka mwaka 1928.

Na hata reli ilipofika, mtu wetu aliyekwenda Dar es Salaam hakuwa na kiti huko. Baraza la Kutunga Sheria lilianzishwa mwaka 1926, nalo lilikaa karibu miaka 20 bila Mwafrika hata mmoja ndani yake. Mwaka 1945 ndipo walipoteuliwa wawili wa kwanza: Chifu Abdiel Shangali wa Machame, na Chifu Kidaha Makwaia wa Usiha katika nchi ya Shinyanga. Huyo wa pili alikuwa Msukuma, jirani yetu. Barazani walizungumza Kiingereza, hivi kwamba mkulima wa pamba wa Kwimba au mvuvi wa Ukerewe, hata kama angeruhusiwa kuketi na kusikiliza, asingelitambua neno lililosemwa juu ya pamba yake au samaki wake.

Tukaja kupata uhuru mwaka 1961. Mwaka 1973 chama cha TANU kiliamua kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Sababu iliyotolewa ilikuwa nyepesi kufahamika: Dodoma iko katikati ya nchi, na mtu wa Mwanza, wa Mtwara, wa Kigoma na wa Tanga wote wataufikia mji huo bila mmoja kuonewa sana kuliko mwenzake. Mwaka huo huo iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu. Lakini kazi ilikwenda polepole kwa ajili ya uhaba wa fedha, na kwa miaka mingi Dodoma ilikuwa mji mkuu kwa jina, huku ofisi nyingi zikibaki pwani. Tangu mwaka 1996 Bunge limefanya mikutano yake Dodoma. Mwaka 2006 likapata ukumbi mpya. Mwaka 2016 Rais John Magufuli akatangaza kwamba Serikali nzima itahamia. Na mwaka 2018 Bunge likapitisha sheria ya kuuthibitisha mji huo kuwa makao makuu. Wazee wetu walipenda kutukumbusha kwamba Mwalimu Julius Nyerere, aliyekuwa kiongozi wa nchi wakati wa uamuzi ule wa kwanza, alikuwa mtu wa Butiama, na Rais Magufuli, aliyeutimiza, alikuwa mtu wa Chato. Wote wawili ni watu wa pande zetu za ziwa.

Sasa twende safarini. Tulivuka maji siku ya kwanza, tukalala Mwanza, na alfajiri tukapanda basi katika stendi ya Nyegezi. Kutoka hapo mpaka Dodoma ni karibu kilometa 700. Tuliyaacha majabali ya Mwanza, tukapita Misungwi, Shinyanga, Tinde, Nzega na Igunga. Tukavuka mbuga ya Wembere, tambarare kama maji yaliyotulia. Tukapanda mlima wa Sekenke, tukafika Singida penye maziwa yake madogo na mashamba ya alizeti. Kisha Manyoni, Bahi, na usiku tukaingia Dodoma. Wanafunzi walikuwa na kazi ya kuandika kila jina la mji katika madaftari yao, na saa ya kufika. Siku itakapokamilika reli mpya kati ya Mwanza na Isaka, iliyoanza kujengwa mwaka 2021, na kuungana na ile inayotoka Dar es Salaam, watoto wa watoto hawa watayasoma madaftari hayo kama sisi tusomavyo habari za wapagazi.

Jambo moja la njiani lataka kusemwa. Tulipofika Igunga, mama mmoja katika kundi letu alikunywa maji ya bomba, akauliza yatoka wapi. Akajibiwa: "Haya, mama, yatoka kwenu ziwani." Naye alicheka akidhani anataniwa. Lakini ni kweli. Maji huvutwa kwa mitambo katika kijiji cha Ihelele, wilaya ya Misungwi, yakasafishwa, yakapelekwa kwanza Shinyanga na Kahama, na baadaye yakafikishwa Nzega, Igunga na Tabora. Na habari ya maji hayo ina mzizi mrefu. Mwaka 1929 Uingereza ilikubaliana na Misri kwamba nchi zilizokuwa chini yake zisifanye kazi yoyote itakayopunguza maji ya mto Naili bila ridhaa ya Misri; na Ziwa Viktoria ni chemchemi ya mto huo. Tanganyika ilipopata uhuru, Serikali yake ilitangaza mwaka 1962 kwamba haitafungwa na mapatano yale. Uamuzi huo ulifanywa katika ofisi za Dar es Salaam, juu ya karatasi, na watu wachache. Miaka mingi baadaye fedha zikaidhinishwa Bungeni, mabomba yakafukiwa, na mama wa kisiwani akanywa maji ya ziwa lake katika nchi kavu ya Igunga. Mwalimu wetu aliwaambia wanafunzi waiandike habari hiyo kabla ya kufika Dodoma, ili wajue wanakwenda kuona mahali pa namna gani.

Dodoma ni nchi kavu yenye mibuyu, miiba na mawe, tena yenye mizabibu, jambo lililowashangaza watoto. Jina la mji latokana na neno la Kigogo lenye maana ya kuzama. Wazee wa huko husimulia kwamba tembo alikuja kunywa maji akazama katika tope. Tuliposhuka, wenyeji walitusalimu "Mbukwenyi," nasi tukawasalimu Kisukuma, "Mwadila," wote tukacheka, kisha tukaendelea kwa Kiswahili. Tulikumbuka lile Baraza la zamani na Kiingereza chake. Siku hizi, mtu wa Ugogo na mtu wa ziwani wakiketi katika roshani ya Bunge husikia neno moja na kulifahamu wote wawili.

Siku ya pili tulikwenda Bungeni. Wageni hukaguliwa langoni kwa mitambo, nao huacha simu na mizigo yao. Kisha huongozwa mpaka roshani ya wageni, juu ya ukumbi, wakaketi kimya. Si ruhusa kupiga makofi wala kuzungumza. Wakati wa kuingia Spika watu wote husimama. Mbele yake hutangulia mpambe wa Bunge akibeba siwa. Mwalimu wetu alitueleza kwamba siwa lilikuwa baragumu kubwa la watawala wa Pate na Lamu, la pembe au la shaba, lililopigwa katika sherehe kubwa. Siwa la Bunge halipigwi; kazi yake ni kuonyesha kwamba waliokutana hapo wamekutana kwa mamlaka halali. Baada ya Spika kuketi, dua husomwa, na kazi huanza.

Katika uwanja wa Bunge kuna ukumbi mwingine uitwao Ukumbi wa Msekwa, kwa heshima ya Bwana Pius Msekwa. Yeye alizaliwa Ukerewe mwaka 1935, akawa Katibu wa Bunge katika miaka ya kwanza ya uhuru, na baadaye akawa Spika tangu mwaka 1994 mpaka 2005. Wanafunzi wetu walisimama mbele ya jina lile muda mrefu. Mmoja aliuliza kama Bwana Msekwa naye alivuka kwa mtumbwi alipokwenda shule. Hatukuweza kumjibu, lakini tulifahamu kwa nini aliuliza.

Saa ya kwanza ya Bunge ni ya maswali. Mbunge husimama, huuliza. Waziri au Naibu wake husimama, hujibu. Kisha mwulizaji huruhusiwa maswali ya nyongeza. Tulisikia maswali juu ya barabara, zahanati, nyaya za umeme na vivuko. Tukaona jambo ambalo hatukulijua tulipokuwa nyumbani. Mbunge aliyeuliza, "Je, Serikali ina mpango gani?" alijibiwa kwamba mpango upo. Mbunge aliyetaja jina la kijiji, idadi ya watu na mwaka ambao ahadi ilitolewa, alijibiwa kwa tarehe na kwa fedha. Mzee wetu mkubwa alinong'ona: "Kumbe hapa swali ni kama ndoana. Ikiwa butu, samaki hula chambo akaenda zake." Tukamwashiria anyamaze, maana askari wa Bunge alikuwa anatutazama.

Baada ya maswali yalifuata makadirio ya wizara. Hapa twaomba wanafunzi wasikilize kwa makini. Mwaka wa fedha wa Serikali huanza tarehe 1 Julai. Kabla ya siku hiyo kila wizara hueleza Bungeni inataka fedha kiasi gani, na kwa kazi gani, wabunge hujadili, na mwisho huulizwa, wakajibu "Ndiyo" au "Siyo." Fedha za Serikali haziwezi kutolewa pasipo idhini hiyo. Na zikiisha kutumika, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali huzikagua, na taarifa yake huletwa mbele ya Bunge hilo hilo. Kwa hiyo shilingi moja huulizwa mara mbili: inapokwenda, na inapokwisha. Mwananchi aweza kuomba kusoma yaliyosemwa, kwa kuwa maneno yote ya Bunge huandikwa katika kumbukumbu rasmi.

Siku ya tatu tulikwenda Mtumba, kilometa 17 hivi mashariki ya mjini, katika njia ya Dar es Salaam. Huko ndiko uliko Mji wa Serikali, uliozinduliwa mwaka 2019. Ofisi za kwanza zilikuwa nyumba za kadiri, zisizo na ghorofa. Baadaye wizara zikaanza kujengewa majumba makubwa. Barabara ni pana na miti mingi imepandwa. Wizara zote ziko mahali pamoja, na mtu aliyeelekezwa kutoka ofisi moja kwenda nyingine hulazimika kutembea dakika chache tu.

Hapo ndipo tulipoitoa barua yetu. Inafaa tueleze ilisema nini. Kisiwa chetu hakina kivuko cha kutosha, na watu huvuka kwa mitumbwi iliyojaa. Wazee wa ziwani hawana haja ya kusomewa hatari ya maji. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, iliyokuwa ikitoka Bukoba, ilizama karibu na Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara, watu wakiwa tayari wanaiona nchi kavu, na zaidi ya watu 200 wakafa. Kila chombo kilikuwa kimebeba watu kupita kiasi chake. Mtu akiuliza kwa nini watu hupanda chombo kilichojaa, jibu lake ni kwamba hawajui kingine kitakuja lini. Barua yetu haikusema zaidi ya hayo. Ilitaja idadi ya kaya, ya wanafunzi na ya wagonjwa wanaovuka, kama ilivyohesabiwa na walimu wetu. Nayo iliambatana na muhtasari wa Mkutano Mkuu wa Kijiji ulioikubali.

Katika wizara moja tulipelekwa masijala, yaani chumba ambamo barua zote hupokelewa na kuwekwa katika majalada. Karani alikuwa kijana wa kike. Alisimama akasema, "Shikamoo, babu." Mzee wetu akajibu, "Marahaba, mwanangu," akampa bahasha kwa mikono miwili. Karani akasoma, akauliza: "Halmashauri ya wilaya wamepata nakala, babu?" Mzee akasema, "Wamepata, na mbunge wetu pia." Yule karani akagonga mhuri wa tarehe, akaandika namba, akainakili namba ile katika kipande cha karatasi na kumpa mzee. "Hii ni ya nini, mwanangu?" mzee akauliza. "Ni jina la barua yenu," akajibu. "Mkija kuulizia, itajeni kwa jina lake. Barua isiyo na namba ni shida kuitafuta, hii tutaiona."

Mzee aliikunja karatasi ile akaitia katika kofia yake, na hakuivua kofia mpaka tulipofika kwetu.

Siku ya mwisho tulipita Chamwino, mbele zaidi katika njia ile ile, tukaiona Ikulu kwa mbali. Jengo lililozinduliwa mwaka 2023 limefanana na Ikulu ya Dar es Salaam, ile iliyoharibiwa kwa mizinga ya manowari za Waingereza mwaka 1914, kisha ikajengwa upya na Waingereza hao hao. Hatukuingia, wala hatukutarajia kuingia. Lakini neno lenyewe ni la kwetu. Ikulu, katika Kisukuma na Kinyamwezi, ndiyo makao ya mtemi. Na wazee wetu walisema kwamba ikulu ya kale ilikuwa mahali ambapo mtu mwenye shauri aliketi nje, chini ya mti, akingoja kusikilizwa. Watu wa pwani walitupa neno siwa, nasi watu wa bara tukawapa ikulu. Tuliliona pia jengo la Makao Makuu ya Mahakama, lililozinduliwa mwaka 2025. Hivyo wanafunzi waliviona kwa macho vyombo vitatu walivyovisoma darasani: chenye kutunga sheria, chenye kuzitekeleza, na chenye kuzitafsiri na kuamua mashauri.

Pengine mtauliza, basi kivuko kilipatikana? Hakijafika. Baada ya miezi miwili tulipata jibu lenye namba yetu, likisema kwamba jambo limepokelewa na gati litapimwa. Ukapita muda bila mtu kuja, nasi tukaandika tena, tukiitaja namba. Kisha wapimaji wawili walikuja, wakapima kina cha maji kwa siku mbili, wakaenda zao. Sasa twangoja makadirio ya mwaka mwingine, na mbunge ana nakala ya kila karatasi. Kungoja huku hatukupendi, kwa maana watoto wanavuka kila asubuhi. Lakini zamani tulikuwa tukingoja bila kujua twamngoja nani.

Ndugu wasikilizaji, mtu hahitaji kwenda Dodoma ili aanze kazi hii. Mlango wa kwanza uko kijijini. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kuhudhuria Mkutano Mkuu wa Kijiji. Na Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, hupaswa kuandika yaliyoamuliwa. Kutoka hapo shauri huenda katika kata, kisha katika halmashauri ya wilaya, na mbunge hulipokea likiwa na hesabu na tarehe. Wanaojua kusoma na kuandika, nanyi wanafunzi mu miongoni mwao, wawasaidie wazee kuandika muhtasari mzuri: nani walikuwapo, nini kiliamuliwa, siku gani. Wekeni nakala mahali pakavu.

Na wale watakaojaliwa kwenda kuyaona makao makuu, waende wakati Bunge linapokutana. Wamwandikie mbunge wao mapema ili majina yao yapelekwe langoni. Wachukue vitambulisho, nguo za heshima, na nguo nzito kidogo, kwa sababu usiku wa Dodoma katika miezi ya kipupwe una baridi kuliko wa ziwani. Waketi robo saa zaidi katika roshani ile, wasikilize maswali mpaka la mwisho. Huenda swali hilo la mwisho likawa la kijiji cha jirani zao.